Je, Rangi Mpya ni Uwongo?



Kuna swali ambalo lilitujia garajini, wala si darasani. Leo twataka kulitazama pamoja nanyi. Swali lenyewe ni hili: mtu akinunua kitu cha zamani kilichoharibika, akakitengeneza mpaka kikang'aa, je, kitu hicho ni kilekile? Na siku atakapokiuza, atakuwa anauza nini: kitu chenyewe, au sura yake tu?

Wengine watasema: "Hayo ni maswali ya watu wasio na kazi." Sisi pia tuliona hivyo. Lakini swali hili lilitugharimu fedha, likatunyima usingizi, tena lilikaribia kutufanya waongo mbele ya mtu mwema. Kwa hiyo tusilidharau.

1. Motokari yenyewe

Miaka michache iliyopita, sisi na shemeji yetu, aliye fundi wa motokari hapa Lubumbashi, tulinunua Volkswagen ya mwaka 1963, ya namna ile yenye mgongo kama kobe. Wazee wanazikumbuka vema. Duniani zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchi ya Meksiko, mwezi wa saba mwaka 2003.

Yetu ilikuwa imelala chini ya mwembe kwa miaka mingi. Magurudumu yalikuwa yamezama katika udongo mwekundu, kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma, na moteri ilikuwa imekwama kabisa. Tulilipa dola 450, tukaivuta kwa kamba mpaka nyumbani, tukifurahi kama watoto. Mama yake shemeji, ambaye ni mkwe wetu, alitoka jikoni, akaizunguka mara moja, akauliza: "Wanangu, mmenunua motokari au mmenunua kazi?" Kwa heshima ya ukwe hatuzoei kubishana naye. Tulinyamaza. Lakini yeye alikuwa amesema kweli.

Kazi ilianza na moteri. Tulifungua buji zote nne, tukamimina mafuta mepesi ndani ya silinda, tukaacha siku saba. Halafu tulishika ufunguo, tukajaribu kugeuza kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kulazimisha, maana anayelazimisha moteri iliyokwama huvunja kilichokuwa kizima. Siku ya tisa iligeuka. Moteri hiyo ni ya nguvu ya farasi 34 tu, nayo hupozwa kwa upepo, haina maji. Kwa hiyo kulikuwa na mambo machache ya kuoza ndani yake. Esanse ya zamani ilikuwa imegeuka gundi katika tangi, tukaisafisha. Mipira ya freni tuliibadilisha yote bila kuuliza bei, kwa sababu mpira wa zamani huvimba kwa ndani, na kwa nje hauonyeshi neno.

Baada ya hapo tulifungua boliti zinazoshika mwili wa gari juu ya sakafu yake. Watu sita waliuinua mwili, wakauweka kando juu ya mapipa. Ndipo tuliona hali yetu. Katika Volkswagen hizo batri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Maji yake makali yalikuwa yamemwagika, yakala bati mpaka tukaona udongo. Sakafu hiyo ina vipande viwili, cha kuume na cha kushoto, na katikati yake hupita kama mgongo mmoja wa chuma. Tulikata vipande vyote viwili, tukachomelea vipya. Mgongo wa katikati tuliuacha, maana ulikuwa mzima. Na juu yake, chini ya kiti cha nyuma, imepigwa namba ya gari.

Jioni ile shemeji yetu aliketi juu ya gurudumu, akahesabu kwa vidole: sakafu mpya, mipira mipya, nyaya mpya, bawa moja la gari lingine, viti vya kushonwa upya. Akasema: "Ndugu, hii ingali ile tuliyoinunua?"

2. Je, ni ileile?

Swali la shemeji yetu ni la zamani kuliko motokari. Mwandishi Mgiriki Plutarch alieleza juu ya merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza miaka mingi. Ubao ukioza, waliutoa, wakatia mpya. Wenye hekima wakagawanyika: wengine walisema ni merikebu ileile, wengine walisema siyo. Karne nyingi baadaye Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza ugumu. Alisema: tuseme mtu mmoja aliziokota mbao zote zilizotupwa, akaziunga tena kwa mpango uleule. Sasa kuna merikebu mbili. Ya Theseus ni ipi?

Msifikiri kwamba hayo ni maneno matupu ya vitabuni. Mwaka 1990 jambo hilo lilifika mbele ya mahakama ya London. Motokari moja ya Bentley, iliyoitwa Old Number One, ilikuwa imeshinda mashindano ya Le Mans, nchi ya Ufaransa, mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Baadaye ilibadilishwa mara nyingi: moteri, shasi, mwili wa nje. Ilipouzwa kwa bei ya pauni milioni 10 hivi, wanunuzi walikataa kumaliza mapatano. Walisema: hii siyo ile iliyoshinda. Hakimu Otton alisikiliza mafundi na wanahistoria, kisha akaamua kwamba, ingawa vipande vya mwaka 1929 havikubaki ila vichache mno, motokari ile ni ya kweli. Sababu yake ilikuwa nini? Kwamba mabadiliko yaliingia polepole, kila kipande kipya kikaungana na vingine, na hakuna saa ambayo gari lile lilikoma kuwako. Tena hakuna gari lingine lolote linaloweza kudai jina lile. Lakini angalieni: hakusema kwamba ni gari la asili lisiloguswa. Alitofautisha kitu cha asili na kitu cha kweli. Tofauti hiyo tuishike vizuri.

Mtakatifu Toma wa Akwino naye alikuwa ametoa mfano mwepesi wa moto. Kuni zinaungua, zinakwisha, tunaongeza nyingine; lakini moto twauita mmoja, kwa kuwa haukuzimika. Ndivyo ulivyo mwili wetu. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, halafu nyingine hushika nafasi yake. Hakuna mdai awezaye kuambiwa: "Aliyekopa mwaka jana si mimi, damu yake ilikwisha." Mtu ni mmoja kwa sababu ya roho yake, ambayo haibadilishwi kama boliti.

Lakini motokari haina roho. Basi umoja wake unakaa wapi? Tumefikiri sana juu ya jambo hili, nasi twaona kwamba unakaa mahali pawili. Pa kwanza ni katika kitu chenyewe: yale yaliyodumu bila kukatika, kama mgongo ule wa chuma wenye namba. Pa pili ni katika ushuhuda wa watu: wale wanaojua gari lilikotoka, nani alilitengeneza, nini kilitolewa na nini kilitiwa. Mtu hubaki yuleyule hata kama majirani wote wamemsahau. Kitu cha kale sivyo. Ushuhuda ukiharibika, kitu kinapotea ingawa chuma kipo.

Ndiyo maana anayesema uwongo juu ya kitu cha kale anafanya makosa mawili pamoja. Anamdanganya mnunuzi, tena anakiharibu kilekile anachojisifu kwamba amekiokoa.

3. Rangi inayolinda na rangi inayoficha

Sasa tuseme yaliyotupata sisi, bila kujipamba.

Chini ya milango ya Volkswagen hiyo, kila upande, kuna kasha refu la bati. Ndani yake hupita hewa ya moto itokayo kwa moteri kwenda mbele, ili kuwapasha joto abiria wa nchi za baridi. Lakini kasha hilo lina kazi nyingine: linaushika mwili mzima wa gari. Likioza, gari hulegea, milango haifungi sawasawa, na kukiwa na ajali linakunjika kama karatasi. Yetu yalikuwa yameoza yote mawili. La kushoto tulilitengeneza vema. Tulipofika la kuume, fedha ilikuwa imekwisha, na watoto wetu wawili wa sekondari walikuwa wanangoja fedha ya masomo.

Fundi wa bati tuliyemwita akasema: "Hilo ni jambo dogo." Akajaza mashimo kwa mastiki, akapiga msasa mpaka ikawa laini kama yai, akapaka rangi ya buluu. Tulitazama. Tulijua. Hatukusema neno. Tulijiambia kwamba tutalifungua tena baadaye, fedha ikipatikana. Lakini katika moyo tulijua kwamba hiyo "baadaye" haitakuja.

Baada ya majuma mawili alikuja mnunuzi, mwalimu mzee aliyekwisha kustaafu. Aliizunguka motokari kama mtu aliyekutana na rafiki wa ujana. Alisema baba yake aliendesha kama ile. Tukapatana dola 3,000, akaacha 500 mkononi mwetu. Alipokuwa akitoka langoni, aligeuka akasema kwamba jumapili ya kwanza atawapakia wajukuu wake wanne, awapeleke kwao kijijini.

Usiku ule hatukulala. Shemeji yetu alileta maneno ya kututuliza: "Mnunuzi ana macho. Angeweza kutazama mwenyewe. Na nani anauza motokari ya miaka sitini bila kutu?" Maneno haya husemwa kila siku sokoni, basi tuyapime.

Je, mwuzaji ana wajibu wa kutaja kila kasoro? Mtakatifu Toma aliliuliza swali hilihili, naye alitofautisha. Kasoro ikiwa wazi, kama vile farasi mwenye jicho moja, mwuzaji halazimiki kuitangaza, maadamu anapunguza bei kama inavyostahili. Mnunuzi anaiona mwenyewe. Lakini kasoro ikiwa imefichika, nayo inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, ni lazima kuisema. Akinyamaza, mauzo si halali, tena anawiwa malipo ya hasara itakayotokea.

Basi, kiti kilichochakaa ni farasi mwenye jicho moja. Mkwaruzo wa mlango ni farasi mwenye jicho moja. Hata kutu tunayoiona kwa macho ni hivyo. Lakini kasha la kuume lilikuwa farasi aliyepachikwa jicho la kioo. Hatukuacha tu kusema. Tulilipa mtu ili mwenzetu asione. Neno "mnunuzi ana macho" linakuwa ubaya mtupu pale ambapo mwuzaji mwenyewe ndiye aliyeyafunika macho hayo.

Asubuhi mkwe wetu aliona nyuso zetu, akauliza, akaambiwa. Hakutukemea. Alisema tu: "Wapakieni watoto wenu wenyewe, mwende nao Likasi na kurudi. Mkiweza, muuzieni." Hatukuweza.

Tulimwita mwalimu. Hatukujua namna ya kuanza, basi shemeji yetu akampa sumaku mkononi, akamwambia: "Mzee, pitisha chini ya mlango." Upande wa kushoto sumaku ilishika. Upande wa kuume ilianguka chini, maana mastiki si chuma. Mzee aliiokota, akajaribu tena, ikaanguka tena. Kisha alituomba dola zake 500, akazihesabu, akaenda. Hatukumwona tena.

Tunaandika hivyo kwa kusudi. Katika hadithi nyingi za mafundisho, msema kweli hulipwa kabla ya jua kuzama. Sisi hatukulipwa. Tulikata bati lile, tukachomelea jipya, dola 260 za kukopa. Fedha ya masomo ililipwa kwa kuchelewa, na mtoto mmoja alirudishwa nyumbani juma zima. Gari liliuzwa mwaka uliofuata kwa dola 2,400. Anayetafuta ukweli kwa ajili ya faida, na atafute biashara nyingine. Sisi tulichopata ni hiki tu: tukisikia ajali imetokea njiani, hatuulizi kwanza rangi ya gari.

4. Kutengeneza bila kusema uwongo

Utasema: "Kama ni hivyo, kupaka rangi kwenyewe ni udanganyifu, maana rangi hufanya cha zamani kionekane kipya." Tunajibu: sivyo. Rangi ina kazi yake ya haki, kulizuia bati lisile kutu. Anayeosha uso na kuvaa nguo safi hamdanganyi mtu juu ya umri wake. Rangi inakuwa uwongo pale inapopakwa ili mtu aamini jambo lisilo kweli, naye akiamini atadhurika. Mastiki pia ina nafasi yake; kujaza tundu dogo juu ya bati zima si kosa. Kosa ni kuiweka mahali pa chuma kinachobeba uzito.

Watu wanaotunza vitu vya kale wameandika kanuni juu ya hayo. Mwaka 1964 mafundi na wataalamu waliokutana Venice, nchi ya Italia, walikubaliana juu ya majengo ya kale kwamba matengenezo yakome pale kukisia kunapoanza. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, nalo lina kanuni zake ziitwazo Mkataba wa Torino. Maana yake kwa ufupi: kutunza kunatangulia kutengeneza upya, kazi iliyofanyika iandikwe, na vipande vipya viwekewe alama, ili ajaye baadaye ajue kipi ni cha nani.

Fundi maskini wa mtaani aweza kuzifuata kanuni hizo bila gharama kubwa. Sisi baada ya aibu ile tulifanya hivi. Tulinunua daftari la shule, tukaandika kila kilichobadilishwa, na siku yake. Picha tulizopiga kabla ya kufungua na wakati wa kuchomelea tulizibandika humo, hata ile ya kasha lililooza. Ndani ya kifuniko cha mbele tuliacha kipande kidogo kama kiganja bila kupaka rangi mpya. Hapo mtu anaona tabaka tatu, kijani juu, nyeupe katikati, buluu chini kabisa. Hiyo buluu ndiyo iliyotuambia gari lilizaliwa na rangi gani. Na nyuma ya ubao wa mlango tulikuta fundi mmoja wa zamani ameandika kwa penseli: "1971, freni." Hatukuifuta. Huyo ni mwenzetu wa kazi, na penseli yake ni sehemu ya ule ushuhuda tuliousema.

Daftari tulimpa mnunuzi wa pili pamoja na funguo. Alilisoma lote, amesimama, kabla ya kutoa fedha. Halafu aliomba tumpunguzie dola mia. Tulimpunguzia.

5. Neno juu ya kipimo

Limebaki swali moja, ambalo mkwe wetu aliliuliza siku ya kwanza. Je, ni halali mtu mwenye watoto kutumia fedha na miezi kwa ajili ya chuma kilichooza?

Kutengeneza si upuuzi. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na anayefungua moteri ya zamani hukutana na akili na jasho la watu asiowajua, naye hujifunza kuwaheshimu. Kuokoa kitu kilichotupwa ni kazi njema. Lakini kazi njema isiyo na kipimo inakula nyumba. Anayetaka kununua gari lililochakaa na ajue kwamba bei ya kununua ndiyo iliyo ndogo. Kubwa ni ile inayojificha chini ya kiti cha nyuma. Na aketi kwanza ahesabu, kama yule wa Injili aliyetaka kujenga mnara. Maana sisi uwongo wetu haukuanza siku ya mastiki. Ulianza siku tuliponunua bila kuhesabu, tukajikuta hatuna njia nyingine isipokuwa kuficha. Mtu aliyepungukiwa hujaribiwa upesi, na mara nyingi upungufu ule aliutengeneza mwenyewe.

Basi, ndugu wasomaji, turudi kwa swali letu. Je, motokari ile ni ileile ya mwaka 1963? Twaamini ndiyo, kwa sababu mgongo wake haukukatwa na habari zake hazikufichwa. Na rangi mpya, je, ni uwongo? Hiyo haitegemei rangi. Inategemea kilicho chini yake, na kama uko tayari kumpa mwenzako sumaku mkononi. Kila mmoja wetu ana kasha lake la kuume. Wengine wako katika biashara, wengine katika ndoa, wengine katika hesabu za chama cha kijiji. Mastiki iliyo laini kama yai tunaijua sisi wenyewe tulioipaka. Afadhali tuikate wenyewe kwa mikono yetu, kabla watoto wa watu hawajaketi ndani.